Jibu kwa dereva wa Des Moines: chagua mzigo kabla ya kuchagua kampuni

Msomaji wetu anayeishi Des Moines, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, ameandika hivi: "Kabla ya kuja huku kama mkimbizi nilikuwa dereva wa lori. Nilibeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam, kupitia Tunduma na Kasumbalesa, hadi Lubumbashi. Sasa nina kadi ya kijani, ninafanya kazi katika kiwanda cha nyama ya nguruwe, na mabega yameanza kuchoka. Iowa ina kampuni nyingi za malori na zote zinatangaza kwamba zinahitaji madereva. Moja inaahidi kunifundisha bure nikitia sahihi mkataba wa mwaka mmoja. Ndugu mmoja wa kwetu ana malori matatu na anasema nikipata leseni nianze kwake. Mwingine ananishauri nichukue lori la kukodi ambalo baadaye litakuwa langu. Nina mke na watoto watatu. Nianzie wapi?"

Ndugu yangu, jibu langu kwa kifupi ni kwamba usomee leseni katika chuo cha jamii kilicho karibu nawe, uajiriwe na kampuni ambayo mzigo wake unaendana na maisha ya familia yako, na habari ya lori la kukodi uiache kabisa kwa miaka miwili ya kwanza. Sababu za ushauri huu zinahitaji maelezo marefu, kwa kuwa madereva wengi wa jamii yetu huanza kwa kuuliza kampuni ipi inalipa senti nyingi kwa maili, ilhali swali linalotangulia ni kampuni hiyo inabeba nini, inakipeleka wapi, na inarudi na nini. Mimi nimefanya kazi ya kupanga mizigo ya malori katika jimbo hili, na nimeona mara nyingi watu wawili wenye leseni ileile na bidii ileile wakiishia mahali tofauti kabisa kwa sababu mmoja alijua mzigo na mwenzake alijua tangazo tu.

Nianze na jimbo lenyewe, maana huwezi kuzielewa kampuni zake bila kulielewa. Iowa ina watu wapatao milioni 3 tu, lakini inaongoza Marekani kwa mahindi, kwa nguruwe, kwa mayai na kwa mafuta ya ethanoli yatokanayo na mahindi. Watu wachache na mazao mengi maana yake ni kwamba karibu kila kinachozalishwa ni lazima kisafirishwe kwenda kwa watu wengine, na bidhaa zitokazo ni nzito kuliko ziingiazo. Barabara kuu ya I-80 inalikata jimbo kutoka Council Bluffs kwenye Mto Missouri hadi Davenport kwenye Mto Mississippi, umbali wa maili 300 na ushee. Barabara ya I-35 inatoka Laredo kwenye mpaka wa Mexico na kupanda kaskazini hadi Duluth katika jimbo la Minnesota. Barabara hizo mbili zinakutana hapo hapo Des Moines unapoishi. Ukienda mashariki kwa I-80 utafika Walcott, kwenye kituo cha malori kiitwacho Iowa 80, ambacho kilifunguliwa 1964, kina nafasi za kuegesha malori 900 hivi, na hujitangaza kuwa ndicho kikubwa kuliko vyote duniani. Kituo cha ukubwa huo hakijengwi mahali ambapo malori hayapiti.

Hata hivyo, barabara peke yake haielezi kwa nini kampuni nyingi kubwa zilikulia hapa. Zamani mazao ya Iowa yalisafirishwa kwa reli zilizotapakaa hadi katika vijiji vidogo. Kampuni ya reli ya Milwaukee Road ilifilisika 1977, ile ya Rock Island ikasimamisha treni zake 1980, na maelfu ya maili za reli yakaachwa au kung'olewa. Mwaka huohuo, tarehe 1 Julai 1980, Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyolegeza udhibiti wa biashara ya malori. Kabla ya hapo kampuni ilihitaji kibali cha tume ya serikali kuu kilichotaja njia itakayopita na bidhaa itakazobeba, na washindani wake walikuwa na haki ya kuweka pingamizi. Kwa hiyo katika kipindi kimoja kifupi mizigo ilikosa reli, na malori yakapata ruhusa ya kuifuata popote. Kampuni za Iowa zilikuwa zimekaa katikati ya shamba lenyewe, nazo zikaitumia nafasi hiyo.

Kila moja ya kampuni hizo ilizaliwa na mzigo wake. Ruan ya hapo Des Moines ilianzishwa 1932 na kijana aitwaye John Ruan akiwa na lori moja la kubeba kokoto, na leo nguvu yake kubwa ni mikataba ya kumhudumia mteja mmoja kwa muda mrefu, pamoja na ubebaji wa maziwa kwa tanka. CRST ya Cedar Rapids ilianza 1955 kwa kusafirisha chuma. TMC, ambayo nayo makao yake yako Des Moines, ilianza 1972 na inajulikana kwa matela ya wazi yanayobeba vyuma, mbao, mabomba na mashine. Heartland Express, iliyoanzishwa 1978 na sasa ina makao yake North Liberty karibu na Iowa City, imejengwa juu ya matela ya boksi yanayobeba bidhaa zilizofungashwa. Ninazitaja ili uone tofauti za kazi, si kwa nia ya kukupeleka kwenye mlango wa yeyote kati yao.

Sasa tuitazame mizigo yenyewe, na tuanze na ule unaoujua kutoka ndani. Katoni za nyama unazozipanga kiwandani hutoka kwa tela la friji, na dereva anayezifuata mara nyingi huambiwa afike saa fulani ya jioni, kisha husubiri hadi usiku wa manane kwa sababu nyama haijapoa vya kutosha au oda haijakamilika. Mlango ukifungwa hupigwa lakiri yenye namba, na namba hiyo huandikwa kwenye hati ya mzigo. Ni wajibu wako kuilinganisha kabla ya kuondoka, pamoja na kiwango cha baridi kilichoandikwa na kile ulichoweka kwenye mashine, kwa kuwa mpokeaji akikuta lakiri imekatika au baridi imepungua anaweza kukataa shehena nzima. Kisha unakwenda kwenye mizani. Uzito wote wa lori na mzigo haupaswi kuzidi pauni 80,000, yaani tani 36 hivi, nao hugawanywa: ekseli pacha za kichwa zisizidi pauni 34,000, na ekseli pacha za tela zisizidi pauni 34,000. Katoni za nyama ni nzito, na mara nyingi jumla inakuwa halali huku upande mmoja ukiwa umezidi. Hapo unashuka usiku kwenye baridi, unavuta pini, unasogeza magurudumu ya tela tundu moja au mawili, kisha unapima tena. Wewe uliyezoea kikomo cha tani 56 cha Afrika Mashariki utaona uzito wenyewe ni mdogo, lakini mpangilio wa ekseli hapa unafuatwa kwa ukali, na faini ya uzito uliozidi katika ekseli za tela inaweza kumwangukia dereva.

Mzigo wa nyama hauishi, na hilo ndilo jema lake. Watu wanakula mwaka mzima, na Mexico ni mnunuzi mkubwa wa nyama ya nguruwe ya Marekani, kwa hiyo malori hushuka I-35 hadi Laredo kila siku. Ubaya wake ni kusubiri, kazi ya usiku, na kukaa mbali na nyumbani kwa wiki mbili au tatu. Tena usidhani kiwanda kimoja ni cha milele: kiwanda cha Tyson katika mji wa Perry, si mbali na Des Moines, kilifungwa Juni 2024 na wafanyakazi zaidi ya 1,200 wakapoteza kazi, na madereva waliokitegemea walilazimika kutafuta mzigo mwingine. Hapa niseme neno kwa wasomaji wetu Waislamu, ingawa hukuuliza. Mtu asiyetaka kubeba nguruwe au pombe alitangaze jambo hilo kwa maandishi kabla ya kuajiriwa. Sheria inamtaka mwajiri ajaribu kumpangia mzigo mwingine pale inapowezekana bila kumletea ugumu mkubwa, na katika jimbo jirani la Illinois baraza la wazee wa mahakama liliamua 2015 kwamba madereva wawili Waislamu waliofukuzwa kwa kukataa kubeba bia walipwe dola 240,000. Hata hivyo, ni rahisi zaidi kuchagua kampuni ya matela ya wazi tangu mwanzo kuliko kushinda kesi baadaye.

Mzigo wa nafaka ni dunia nyingine. Unabebwa kwa tela lenye mdomo wa chini, kutoka shambani hadi kwenye maghala, viwanda vya ethanoli, au gati za majahazi kwenye Mto Mississippi, na dereva wake kwa kawaida hulala nyumbani. Wakati wa mavuno kazi ni nyingi kupita kiasi. Gavana hutoa tangazo karibu kila msimu wa mavuno kuruhusu malori ya mahindi na soya kufikia pauni 90,000 kwenye barabara zisizo za mtandao wa barabara kuu kama I-80 na I-35, na sheria ya saa za kazi hulegezwa ndani ya maili 150 za anga kutoka mahali mazao yanapochukuliwa. Mavuno yakiisha kazi hupungua, na waajiri wengi wa upande huu ni wakulima na kampuni ndogo zisizo na bima nzuri ya afya. Kwa baba wa watoto watatu, bima hiyo ina thamani ya senti nyingi kwa maili, na ningependa uiweke kwenye hesabu kabla hujavutiwa na kulala kwako.

Matela ya wazi yanalipa vizuri, lakini mwili wako ndio unaolipa gharama. Kufunga chuma kwa minyororo na kukunja maturubai mazito juu ya mzigo wakati upepo wa Januari unapiga ni kazi ya mabega, na wewe umesema mabega yako yamechoka. Sitakushauri huko. Matela ya boksi yanayobeba nafaka za kifungua kinywa, vyakula vya makopo na bidhaa za maduka hayana kazi ngumu ya mikono, kwa kuwa mara nyingi unaacha tela moja na kuchukua lingine lililokwisha kupakiwa, lakini senti zake huwa za chini kidogo. Halafu kuna aina mbili ambazo wageni huzisahau, nazo ndizo ninazoziona zinakufaa kuliko zote: mikataba ya mteja mmoja, ambapo unapita njia zilezile kila wiki na kurudi nyumbani kwa ratiba inayojulikana, na kampuni za vifurushi na mizigo midogomidogo, ambazo huwasafirisha madereva usiku kati ya bohari na bohari na mara nyingi kuwalipa vizuri. Zote mbili kwa kawaida hutaka uzoefu wa mwaka mmoja au miwili wa Marekani. Kwa hiyo mwaka wako wa kwanza uutazame kama mwaka wa kununua sifa ya kuingia huko.

Kuhusu malipo, tangazo la senti kwa maili halikwambii utapata nini Ijumaa. Chukua mfano wa kubuni: kampuni ya kwanza inalipa senti 62 na kukupa maili 1,900 kwa wiki, ya pili inalipa senti 54 na kukupa maili 2,500. Ya kwanza inakupa dola 1,178, ya pili dola 1,350. Tofauti hiyo inatokana na jinsi mizigo ilivyopangwa, na ndiyo maana ni lazima uulize wastani wa maili za dereva wa kawaida katika kituo chako, maili tupu, yaani za kwenda bila mzigo, zinalipwa kiasi gani, na malipo ya kusubiri yanaanza baada ya saa ngapi. Kwa kawaida saa mbili za mwanzo hazilipwi, na kampuni nyingine hazilipi chochote hadi mteja alipe kwanza. Wakati huo saa yako ya sheria inaendelea kuhesabu: ukishaanza kazi una saa 14 ambazo ndani yake unaruhusiwa kuendesha saa 11, kisha unapumzika saa 10 mfululizo, na baada ya kuendesha saa 8 ni lazima usimame dakika 30. Tangu Desemba 2017 malori mengi ya safari za mbali yanatakiwa kuwa na kifaa cha kielektroniki kinachorekodi mwendo wenyewe, hivyo hakuna tena kuandika saa kwa hisani. Ukisubiri saa 6 kwenye mlango wa ghala, umepoteza maili ambazo ungeziendesha, na hakuna atakayekurudishia. Kule Kasumbalesa foleni ya siku kadhaa ilikuwa hasara ya tajiri wako kuliko yako. Hapa mfumo wa senti kwa maili umeihamishia hasara hiyo kwa dereva, jambo ambalo mimi naliona si la haki, na nitaendelea kulisema.

Tufike kwenye zile ahadi tatu ulizopewa. Ile ya lori la kukodi hadi liwe lako ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu imeharibu nyumba za watu wenye bidii. Inavyofanya kazi ni hivi: kampuni inakukodishia lori lake, inakupa mizigo yake, na kila wiki kabla ya kukulipa inakata kodi ya lori, dizeli, bima, akiba ya matengenezo, matairi, na wakati mwingine hata kifaa cha kurekodi saa. Nimeketi mezani na madereva tukizisoma hati zao za malipo mstari kwa mstari, na nimeona hati ambazo chini kabisa, baada ya wiki nzima barabarani, kiasi kilichobaki kilianza na alama ya kutoa. Dereva alikuwa anadaiwa. Kodi ya lori haijali kama mizigo ilikuwa michache, kama mtoto aliugua, au kama lori lenyewe lilikaa gereji, na ukishindwa kuendelea lori linarudi kwa mwenyewe na fedha ulizokwisha kulipa zinabaki kwake. Si mimi peke yangu ninayesema hivyo. Kikosi kazi kilichoundwa chini ya sheria ya miundombinu ya 2021 ili kuchunguza mikataba hii kiliwasilisha ripoti yake Januari 2025, na kilipendekeza mipango ya aina hiyo ipigwe marufuku. Anayetaka lori lake aajiriwe kwanza, aweke akiba, ajifunze nauli zinavyopanda na kushuka, kisha alinunue kwa mkopo wa kawaida mahali ambapo anayemkopesha siye anayempangia mizigo.

Tena uelewe kwamba biashara hii ina misimu ya neema na misimu ya njaa. Katika 2020 na 2021 nauli zilipanda sana na watu wengi wakanunua malori kwa bei kubwa. Kuanzia 2022 zikashuka, na malori yaleyale yakawa hayalipi hata mkopo wake. Agosti 2023 kampuni ya Yellow, iliyokuwa na wafanyakazi wapatao 30,000 kote nchini, iliomba ulinzi wa mufilisi. Kama kampuni ya ukubwa huo iliweza kuanguka, mwenye lori moja la mkopo hana kinga yoyote isipokuwa akiba yake mwenyewe.

Kuhusu ndugu mwenye malori matatu, nitasema kwa uangalifu, maana kampuni ndogo za wenzetu zimewasaidia wengi na nyingine zinaendeshwa kwa uaminifu mkubwa. Tatizo ni namna ya kulipa. Wengi wao humlipa dereva asilimia ya nauli kwa fomu ya 1099, kana kwamba dereva ni mfanyabiashara anayejitegemea, ingawa lori si lake, mzigo si wake, na ratiba hapangi yeye. Ukilipwa hivyo, kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 ni juu yako kabla hata ya kodi ya mapato, na kwa kawaida hutakuwa na bima ya ajali za kazini, hivyo ukiteleza kwenye barafu nyuma ya tela na kuvunjika mkono, gharama za hospitali zitakuwa juu yako. Mwambie kwa heshima akuajiri kwa fomu ya W-2, yaani ya mfanyakazi wa kuajiriwa, na akuoneshe cheti cha bima. Kisha ingia katika tovuti ya serikali iitwayo SAFER, weka namba ya USDOT, yaani ya usajili wa kampuni kwa idara ya uchukuzi ya serikali kuu, iliyoandikwa mlangoni mwa malori yake, na utaona bure rekodi za ukaguzi na ajali, na kama kibali chake kiko hai. Kuna jambo jingine pia: kampuni nyingi kubwa hazihesabu uzoefu usiothibitishwa kwa karatasi, na mwaka mzima wa kazi unaweza kupotea kwa sababu ndugu hakuweka kumbukumbu.

Ahadi ya mafunzo ya bure si ya hila yenyewe kwa yenyewe, lakini ubure wake una masharti. Ukiondoka kabla ya mwaka kwisha unadaiwa maelfu ya dola, na katika mwaka huo unaweza kupangwa kuendesha kwa zamu na mtu usiyemjua, mmoja akilala huku mwingine akiendesha, wiki tatu mfululizo mbali na nyumbani. Kwako wewe kuna njia iliyo bora. DMACC, chuo cha jamii cha eneo la Des Moines, kina mafunzo ya CDL, yaani leseni ya kuendesha malori makubwa, na Kirkwood cha Cedar Rapids pia. Jimbo lina mpango wa msaada wa karo uitwao Gap kwa ajili ya mafunzo mafupi ya kazi, kwa watu wenye kipato kidogo, na leseni ya CDL imekuwa miongoni mwa mafunzo yanayolipiwa. Uliza ofisi ya mpango huo kabla ya kulipa chochote. Ukihitimu kwa njia hiyo unaingia sokoni bila deni na unaweza kukataa kazi isiyokufaa. Ukilazimika kuchukua ile ya mkataba, hakikisha kiasi cha deni kinapungua kila mwezi unaofanya kazi, na kwamba ukiachishwa na kampuni wenyewe hudaiwi kitu.

Uzoefu wako wa njia ya Lubumbashi hautakuondolea masomo. Tangu 7 Februari 2022 kila anayeomba CDL kwa mara ya kwanza ni lazima apite kwa mkufunzi aliyesajiliwa na serikali kuu. Lakini mikono yako haijasahau, na kuna jambo moja ambapo itakufaa: ukifanya mtihani kwa lori la gia otomatiki, leseni yako itawekewa kizuizi cha kutoendesha gia za mkono. Kampuni kubwa sasa zina otomatiki, ila malori mengi ya nafaka ya wakulima bado ni ya gia za mkono. Kama chuo kinaruhusu, fanya mtihani kwa gia za mkono, na milango yote itabaki wazi.

Kinachowaangusha watu wetu si uendeshaji, ni ukaguzi wa lori kabla ya safari, kwa sababu unafanywa kwa kuongea. Mtahini anasimama pembeni, nawe unagusa kila kifaa na kukitaja kwa Kiingereza, ukieleza kwamba hakijalegea, hakijapasuka, hakivuji. Ndani ya kichwa unazima injini, unakanyaga breki, unaitazama mishale ya kipimo cha upepo wa breki kwa dakika moja nzima, na unasema kwa sauti kwamba lori lenye tela halipaswi kupoteza zaidi ya pauni 4 za mgandamizo kwa dakika hiyo. Anayejua breki kwa miaka mingi hushindwa kwa kukosa sentensi. Zikariri sentensi hizo jioni, ukimwomba mtoto wako mkubwa akusikilize, maana watoto wetu wanasikia matamshi haraka kuliko sisi.

Kiingereza hicho hakiishii kwenye mtihani. Kanuni ya serikali kuu inamtaka dereva asome alama za barabarani, azungumze na maafisa na ajaze ripoti kwa Kiingereza, na tangu 25 Juni 2025 dereva anayeonekana hawezi husimamishwa palepale barabarani. Vilevile, tangu 2025 masharti ya CDL kwa wageni wasio wakaazi wa kudumu yamekazwa na yamebishaniwa mahakamani. Kadi yako ya kijani inakuweka nje ya mvutano huo, lakini uwaambie wenzako wasio nayo waulize kwanza idara ya uchukuzi ya Iowa kabla ya kutumia fedha zao. Na bangi usiiguse hata siku ya mapumziko. Inauzwa kihalali ng'ambo ya Mississippi, katika Illinois, lakini kwa dereva wa CDL sheria inayohesabika ni ya serikali kuu, na tangu Januari 2020 kipimo kilichofeli huingia katika hifadhidata ambayo kila mwajiri ni lazima aiangalie.

Majira ya baridi nayo ni sehemu ya kazi hii, na katika mazingira yako mapya ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Tela tupu kwenye I-80 wakati wa upepo mkali hulazwa ubavu bila onyo, na barafu nyembamba juu ya daraja haionekani usiku. Serikali inapotangaza kwamba magari ya kukokota hayaruhusiwi kwenda, maana yake ni kwamba ukitumbukia mtaroni hapana wa kukutoa hadi dhoruba ipite. Kanuni inamtaka dereva asimame hali inapokuwa ya hatari kupita kiasi, na sheria inamkataza mwajiri kumwadhibu kwa kusimama hivyo. Mpangaji wa safari akikulazimisha, mwombe aandike kwa ujumbe. Mara nyingi hataandika.

Kwa hiyo utaratibu ninaokupendekezea ni huu: endelea na kazi ya kiwandani huku ukijisomea kitabu cha CDL cha Iowa, pata cheti cha daktari na kibali cha mwanafunzi, uingie DMACC kwa msaada wa Gap ukikubaliwa, kisha mwaka wa kwanza uajiriwe kwa W-2 kwenye matela ya boksi au friji na kampuni yenye kituo karibu na Des Moines, na mwaka wa pili uombe nafasi ya mteja mmoja au ya bohari kwa bohari. Ukipewa mkataba wowote, usiutie sahihi siku hiyo. Uchukue nyumbani, utafute kifungu kinachosema utadaiwa kiasi gani ukiondoka na kingine kinachosema utarudi nyumbani mara ngapi, na visipokuwemo viwili hivyo, mwombe meneja aviandike mbele yako.